Siku Guka Alipovaa Viatu

Enzi zetu pale Kiganjo, karibu na Thika, mgeni akiingia kwenu alitazamwa miguu kwanza, uso baadaye. Shati lingeweza kuazimwa kwa jirani, koti lingeweza kuwa la marehemu mjomba, lakini viatu vilisema ukweli. Mwanamume aliyevuka yale matope mekundu kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu na viatu vyake bado vinang'aa, huyo alipewa kiti chenye mgongo na chai yenye maziwa mengi. Aliyefika na udongo hadi kwenye vifundo alipewa chai pia, maana mama hakuwa na roho mbaya, ila alikalishwa kwenye stuli karibu na mlango.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi mjini Thika. Alirudi jioni akinuka dawa na ngozi mbichi, harufu ambayo mama aliilalamikia miaka yote, na ambayo mimi leo nikikutana nayo mahali husimama kidogo bila kutaka. Kwa sababu ya kazi hiyo alijiona bingwa wa viatu, na kusema kweli alikuwa bingwa. Kwenda naye mjini kununua viatu ilikuwa sikukuu. Aliingia dukani, akachukua kiatu, akakipeleka puani. Akakikunja katikati aone kama ngozi inarudi au inabaki na mikunjo. Akaingiza mkono mpaka ndani kabisa kwenye vidole, akapapasa mishono huku amefumba macho. Halafu akakirudisha kwenye rafu na kusema, "Tutarudi." Tukazunguka mji mzima, tukala mandazi, na alasiri tukarudi kwenye duka lile lile kununua kiatu kile kile. Asubuhi hakununua kamwe. Alisema miguu hufura kadiri siku inavyosonga, na kiatu kinachokuchekea asubuhi kitakutesa jioni.

Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa saa ya viatu. Baba alitandika gazeti kuukuu barazani, akapanga viatu vyake vyeusi na vya kahawia, halafu vyetu. Kwanza vumbi lilitolewa kwa brashi kavu, na ole wako uanze kupaka rangi juu ya vumbi. Kamba zilifunguliwa zikafuliwa kwa sabuni. Rangi ilipakwa kwa kitambaa cha fulana iliyochoka, kidogo kidogo, kwa kuzungusha kidole, kisha kiatu kiliachwa kinywe. Ndiyo, Baba alisema kiatu kinakunywa. Baadaye ndipo brashi ya kung'arisha ilipoanza kazi, na mwisho mate kidogo na kitambaa safi mpaka ulione dirisha la nyumba kwenye ncha ya kiatu. Ndani yake tuliweka magunzi ya mahindi makavu ili kisilegee. Kianikwe juani? Thubutu. "Ngozi ni ngozi," Baba alisema. "Wewe ukianikwa juani kutwa nzima, utakuwaje?"

Vijana wa leo wanacheka nikiwasimulia haya. Mwanangu Kamau ana raba nyeupe anazoziita ndula, zimeletwa na boda boda zikiwa ndani ya boksi, hajazinusa, hajazikunja, amezichagua kwa kidole kwenye simu akiwa amelala. Asubuhi anazisugua kwa mswaki na dawa ya meno. Meno yenyewe hungoja zamu yao. Simlaumu, anazipenda kwa njia yake.

Sasa, nyumba ilikuwa na watoto wengi na si wote tungeweza kupelekwa mjini. Kwa hiyo Baba alikuwa na desturi iliyokuwa ya wazazi wengi siku hizo. Alikata kijiti, akakulaza mguu juu yake, kisigino hadi kidole kirefu, akakivunja hapo. Kijiti hicho ndicho kilichokwenda Thika badala yako. Dukani kilisukumwa ndani ya kiatu, kikiingia na nafasi ya kukua ikibaki, biashara ilikwisha. Tulivaa viatu vya vijiti miaka yote na hatukuona kasoro, kwa sababu miguu ya watoto ni myembamba na haina historia.

Ndipo Tata Nyambura, dada mdogo wa Baba, alipochumbiwa. Kijana aliitwa Wekesa, kwao Bungoma, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Ruiru, mtu mpole aliyejifunza Kikuyu cha kutosha kumchekesha Cucu, bibi yetu. Mahari yakazungumzwa yakaisha kwa amani. Harusi ikapangwa iwe kanisani Ruiru. Hapo ndipo suala la miguu ya Guka lilipoibuka.

Guka, babu yetu, baba yake Baba na Tata, alilima shamba lake dogo kule Theta na hakuwahi kuvaa viatu vya kufunika mguu maishani mwake. Alivaa akala, zile ndara za mpira wa gurudumu, na alizivaa mazishini, sokoni na kwa Mungu. Siku kamati ya harusi ilipokutana nyumbani kwake, mwenyekiti wao, mama mmoja wa kanisa mwenye sauti ya kuamrisha kwaya, alimwambia kwa heshima zote, "Mzee, wewe ndiye utampeleka bibi harusi mpaka mbele. Lakini akala, hapana. Picha zitapigwa."

Guka alizitazama akala zake. Kisha akasema, "Basi apelekwe na Njoroge. Njoroge ana viatu."

Njoroge ndiye Baba. Kamati iliandika hivyo na kuendelea na mambo ya keki. Lakini mimi nilikuwa jikoni kwa Cucu nikingoja viazi, na Tata Nyambura aliingia akakaa juu ya kigoda na kulia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia vile, bila kujificha. "Mimi sina ubaya na kaka yangu," alimwambia Cucu. "Lakini baba yangu yuko hai. Nitapelekwaje kama yatima?"

Maneno hayo yalimfikia Baba jioni ile ile, na yalimuuma. Hakubishana na Guka, maana Guka alikuwa habishiki. Alikwenda tu shambani akakata kijiti. Guka alikuwa amekaa nje akimenya muwa. "Baba, nipe mguu," Baba akasema. Guka akautazama ule mti, akamtazama mwanawe, akatoa mguu. Nadhani naye alikuwa amesikia kilio cha jikoni.

Viatu vilivyonunuliwa Jumamosi ile vilikuwa vizuri kuliko vyote vilivyowahi kuingia katika ukoo wetu. Vya kahawia, rangi ya chai ya rangi, ngozi tupu juu hadi chini, soli ikiwa ya ngozi pia, iliyoshonwa na si kugundishwa. Baba alivinusa mpaka mwenye duka akacheka. Kijiti kiliingia na nafasi ikabaki. Nyumbani alivipaka rangi mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kugusa, na kesho yake baada ya kanisa tukaenda Theta tukiwa tumevibeba mikononi kwa zamu.

Havikuingia.

Urefu ulikuwa sawa kabisa. Lakini miguu ya Guka ilikuwa imetembea bila kubanwa tangu utoto wake, vidole vimetawanyika kila kimoja na njia yake, na mbele mguu ulikuwa mpana kama koleo. Aliusukuma, akatoka jasho, akaacha. "Mti wako unajua urefu," alimwambia Baba taratibu. "Upana hukuuliza." Baba, bingwa wa ngozi wa Kiganjo, alisimama pale na kiatu mkononi. Kuvirudisha dukani haikuwezekana, alikuwa ameshavipaka rangi. Na harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Ni Cucu aliyecheka. Alikwenda ghalani akarudi na maharagwe makavu kwenye ungo. "Haya yakinywa maji huvimba, yaliwahi kupasua chupa yangu," alisema. "Kiatu ni nini?"

Baba akaruka. Maji ndani ya ngozi? Kwake hilo lilikuwa tusi. Wakabishana mama na mwana, na mwisho wakapatana hivi: maharagwe yakatiwa ndani ya mifuko ya nailoni pamoja na maji, mifuko ikafungwa vizuri na kushindiliwa ndani ya viatu hadi kwenye vidole, na Baba akapaka nje mafuta ya mbuzi ili ngozi itanuke bila kupasuka. Wiki ile tulilala kwao, na asubuhi tuliposhika viatu, vilikuwa vimevimba mbele vimekuwa vigumu kama mbao. Maharagwe yakatolewa, mengine mapya yakatiwa. Yale ya kwanza tuliyachemsha na mahindi tukala githeri. Nawaambia hivi sasa kwa sababu wengi wa waliokula wameshatangulia.

Kila jioni wiki ile Guka alivijaribu. Siku ya kwanza vidole viliingia nusu. Alhamisi mguu wote ukaingia, akafunga kamba, akasimama, akashika ukuta. Hakutaka majirani wamwone, kwa hiyo alifanyia mazoezi nyuma ya zizi, akiinua magoti juu mno kama mtu anayevuka mto. Soli ya ngozi ikamtelezesha kwenye nyasi akakaa chini pu. Watoto tulijificha tukicheka. Baba alizikwaruza soli kwa jiwe ili zishike sakafu ya kanisa, akamwinua, na wakatembea wote wawili, mwana amemshika baba kiwiko, wakienda na kurudi kando ya migomba. Nilikuwa na furaha siku ile ambayo hata sasa siwezi kuieleza vizuri.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha. Guka alifika Ruiru na akala zake, viatu vimefungwa kwenye taulo kwapani. Kwenye ngazi ya kanisa Cucu alimpangusa miguu kwa kitambaa chenye maji, kidole kwa kidole, bila haya mbele ya watu wote, na Baba akamfunga kamba. Tata Nyambura alisimama kando na gauni lake jeupe akitazama. Mwenyekiti wa kamati alitazama pia, kisha akajifanya kupanga maua.

Kwaya ikaanza kuimba, nao wakaingia. Walitembea polepole mno. Hatua, kisha kusimama. Hatua nyingine. Wimbo ukaisha hawajafika hata katikati, kwaya ikatazamana, ikaanza tena kutoka mwanzo. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Maskini mzee, viatu vinamuua." Baba alikuwa amekunja uso kwa uchungu, nadhani akihesabu makosa ya kijiti chake. Wekesa mbele pale alisubiri akitoka jasho, akiwa na suti mpya na mikono isiyojua pa kwenda. Mwishowe wakafika. Guka akauweka mkono wa bintiye kwenye mkono wa Wekesa, akageuka, akaenda kuketi kwa hatua za kawaida kabisa. Hilo la hatua za kawaida sikulitia maanani wakati ule.

Baada ya hapo Guka akawa mtu wa viatu. Akala zikabaki za shamba. Kila Jumapili alikwenda kanisani na vile vya kahawia, na likizo za shule mimi ndiye niliyekaa naye Jumamosi jioni tukivisugua. Alikuwa mwanafunzi mzuri, aliviacha vinywe rangi bila haraka. Siku moja, nikiwa kijana wa sekondari, nikamuuliza, "Guka, siku ya Tata vilikuuma sana, eh?"

"Nani alikuambia viliniuma?" akasema. "Maharagwe ya cucu wako yalivilainisha kabisa. Ningeweza kukimbia navyo."

"Sasa mbona ulitembea vile?"

Aliendelea kusugua kisigino. "Mwisho wa ile njia kulikuwa na mtu anangoja kumchukua," akasema. "Wewe ungeharakisha?"

Leo naishi Gitothua, hapa Ruiru, na nina jozi zangu za viatu vya ngozi ambazo mke wangu anadai zinapata malezi kuliko watoto. Kiganjo imejaa lami na nyumba za kupangisha, matope yenyewe yamepungua, na hakuna anayekutazama miguu ukiingia kwake, wanakuuliza tu nambari ya siri ya intaneti. Mambo mengi ni afadhali sasa, nakiri. Hakuna mtoto anayevalishwa kiatu kwa kijiti. Lakini naona kama tumepewa kila kitu isipokuwa nafasi ya kukaa nacho.

Binti yangu Wanjiku anaolewa mwezi ujao. Atavaa raba chini ya gauni, ameshaniambia, ili acheze bila kuumia. Mimi nimenunua viatu vyeusi vipya pale Thika, vinanikaa utadhani nilizaliwa navyo. Jumamosi iliyopita tulikwenda kanisani kufanya mazoezi ya kuingia. Msichana mmoja wa kampuni ya kupanga harusi alisimama mbele na simu akipima muda, akanipungia mkono. "Mzee, tuchangamke kidogo. Wimbo ni mfupi, na bado kuna picha."

Wanjiku alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia yule msichana aniwie radhi, viatu ni vipya, vinanibana.