Mstari Alioukata Baba

Vijana wanaokuja kuchapisha insha kwenye kibanda changu cha kompyuta hapa Kansanga, Kampala, wale wanaoomba nafasi vyuo vya ng'ambo, karibu wote wameandika kwamba wamefiwa. Nawachapia, nawasahihishia nukta na mikato, nanyamaza. Ila akija mmoja aliyeandika kwamba baba yake hana moyo, namuuliza kama huyo baba ameisikia hiyo insha. Wananiona mama mchokozi. Na wanione.

Mimi yangu niliandika kwa mkono, tukiishi kambi ya polisi upande wa Nakawa, katika kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho mvua ikinyesha hamsikiani. Vita vilivyoleta serikali mpya vilikuwa vimekwisha hapa mjini, lakini kwetu kaskazini ndiyo kwanza vilikuwa vimeshika moto. Kwa hiyo mama alipokufa tulimzika huku huku ugenini, maana barabara ya nyumbani haikupitika. Alikufa kwa ule ugonjwa wa kukonda ambao kambini hakuna aliyeutaja. Nilikuwa namaliza sekondari, na baba hakuwa na uwezo wa kunisomesha zaidi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatoa nafasi ya bure, masomo na malazi. Nisipoipata hiyo, basi tena, nabaki kwenye bati.

Fomu ilikuja na karatasi moja tu ya insha, imepigwa muhuri wa chuo. Eleza jambo lililokubadilisha maisha. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mkenya mkali aliyekuja Kampala kutafuta mshahara, alinirudisha mara kadhaa. Kwanza nilisifu bidii yangu. Akasema hiyo ni barua ya kuomba ukarani. Nikaeleza maradhi ya mama. Akasema inasikitisha, lakini haimshiki mtu. Ndipo nikaandika kwamba siku ya mazishi baba alirudi kazini jioni ile ile, buti zinang'aa, hajatoa hata chozi moja, na kwamba tangu siku hiyo niliapa sitafanana naye. Mwalimu akavua miwani.

"Huyo baba wa jiwe usimguse," akasema. "Huyo ndiye atakayekupandisha ndege."

Nikainakili kwa wino kwenye karatasi yenye muhuri, polepole, bila kosa hata moja. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya mzazi.

Sasa, baba alikuwa askari wa kaunta pale kituoni. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya watu: walioibiwa, waliopigwa, na wezi wenyewe. Na kaunta ina desturi yake. Maelezo yakishaandikwa, mwenyewe husomewa kwa lugha anayoielewa, ndipo atie sahihi. Kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, lililo kweli huandikwa juu yake, na sahihi fupi huwekwa pembeni. Nilimwekea kalamu juu ya fomu. Hakuishika.

"Soma kwanza."

"Ni mambo ya shule tu, Baba."

"Mimi siweki sahihi kwa hii maneno kama sijasomewa."

Nikasoma, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha kambini. Ningeweza kuruka sehemu ile, nani angejua? Sikuruka. Nilikuwa na hasira naye tangu mazishi, nikataka imfikie. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza mlalamikaji yeyote, macho mezani. Nilipofika kwenye chozi akainua mkono.

"Hapo si kweli. Mimi nililia."

"Wapi?" nikamuuliza, kwa ujeuri. "Nani alikuona?"

"Ndani ya ghala ya silaha. Nilikuwa zamu. Koplo aliniona, akafunga mlango, akasimama nje mpaka nikamaliza."

Akashika kalamu. Alikata sentensi yangu kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza chake cha kituoni, kwamba alilia kwenye ghala la silaha, shahidi koplo wa zamu. Pembeni akaweka sahihi fupi na namba yake ya uaskari. Kisha akatia sahihi ya mzazi mahali pake, vizuri kabisa.

Hapo nikalia mimi. Nilimwambia ameniua, karatasi ni hiyo moja, hakuna nyingine. Aliniangalia bila kuelewa.

"Sasa iko sawa," akasema. "Hata mahakamani watakubali."

Mwalimu aliigeuza ile karatasi huku na huku akaniuliza hiki ni kitu gani. Lakini siku ya kutuma ilikuwa imefika. Akaituma hivyo hivyo, na mimi nikarudi kambini kungoja, huku moyoni najua.

Walinikataa. Nilijifunza kupiga taipu, nikapata kazi, nikahama bati, lakini chuoni sikuwahi kukanyaga. Waombaji walikuwa wengi, pengine wangenikataa hata kwa baba wa jiwe. Siku nyingine namsamehe. Siku nyingine namchukia, Mungu anisamehe, naye yuko kaburini.

Jioni ile barua ya chuo ilipofika alikuwa anajiandaa kwenda zamu ya usiku. Alikaa kitini, akaniambia nisome. Nikamsomea: wanashukuru, wanasikitika, hawana nafasi. Alitikisa kichwa.

"Lakini ile karatasi walisoma?"

"Walisoma, Baba."

"Kwa hiyo iko kwa faili yao kwamba nililia."

"Iko."

"Sawa," akasema. Akafunga mkanda, akavaa kofia, akatoka.

Barua ilikuwa na sentensi moja zaidi, kule chini: karatasi za walioshindwa hazitunzwi, huharibiwa. Hiyo sikumsomea.