Matofali ya Njano ya Baba

Baba yangu alijifunza Kiswahili kwa kusikiliza mpira redioni, na mpaka leo Kiswahili chake hakijatoka uwanjani. Ukimcheleweshea chakula anakuambia muda wa nyongeza umekwisha. Mchumba wa dada yangu alipokuja nyumbani peke yake, bila mshenga, baba alimtazama juu mpaka chini, akasema kijana huyu ameotea, akaingia zake ndani. Tulibaki uani na mgeni wetu, soda yake ikipata moto juani.

Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa bado kijana, upande wa Munanila, yeye na mama waliokuwa wameoana juzijuzi. Mtu wa kwanza kumpa kibarua cha kulima alikuwa na redio, na redio ile ilikuwa na timu moja tu. Timu yenyewe siitaji, inavaa njano na hiyo inatosha. Uraia baba aliupata akiwa na mvi. Ushabiki aliupata wiki ileile aliyofika, na hakuna aliyemuuliza ametokea wapi. Ndiyo maana sipendi watu wanaomcheka kwa habari ya mpira, ingawa mimi mwenyewe namcheka.

Kijiji chetu kiko karibu na Titye, na nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi. Tofali bichi ni udongo uliofyatuliwa ukakaushwa na jua, basi. Likikaa pakavu ni tofali, likinyeshewa sana linarudi kuwa tope. Majirani walikuwa wakichoma matofali yao mmoja baada ya mwingine, sisi tukabaki na mabichi, kwa kuwa baba alikuwa na msimamo wake. Alisema mtu wa safari hajengi kitu kigumu. Siku ya kurudi kwetu ikifika, alisema, nyumba tutaiachia mvua, nayo itarudi udongoni bila kumsumbua mtu.

Aliyesumbuka ni mama. Kila masika ukuta mmoja ulilainika, na kila kiangazi mama aliukandika upya kwa mikono yake. "Hii nyumba nimeipaka tope kuliko nilivyojipaka mafuta," aliniambia siku moja, akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Alitaka nyumba ya kuchoma. Hakutaka kubwa, wala hakuwa na habari na bati la rangi. Alitaka tu ukuta ambao mtu akiusimamisha, unabaki umesimama.

"Sisi ni watu wa safari," baba alimjibu.

"Safari ipi, mzee? Kufika Kasulu sokoni tu magoti yanakuuma mpaka kesho yake."

Mabishano hayo niliyakuta nikiwa mtoto, nikayaacha nilipokwenda chuo, nikayakuta tena nilipoanza kufundisha kemia huko Kibondo na kurudi nyumbani wakati wa likizo. Kisha masika ya mwaka juzi ukuta wa jikoni uliangukia vyungu vya mama, na baba akasema pole. Wiki chache baadaye ukuta wa sebuleni uliangukia redio. Siku ya pili yake baba alitangaza kwamba tutachoma matofali.

Alikuwa na sharti moja. Nyumba iwe ya njano.

Hakuwa anazungumzia rangi ya kupaka. Bondeni, nyuma ya mashamba yetu ya maharage, kuna udongo wa njano iliyokolea, na baba alikuwa na nadharia. Nyumba zote za kuchoma hapa Buha ni nyekundu, alisema, kwa sababu watu wanachimba udongo mwekundu wa mlimani. Yeye atachimba wa njano, atapata nyumba ya njano. Nilipofika likizo ya mwezi wa sita nilikuta matofali yamepangwa uani yakikauka, njano kama boga lililoiva, na baba akipita katikati yake mikono nyuma, amevaa jezi.

Ng'ambo ya njia alikaa rafiki yake mkubwa, mwenye duka, tuliyemwita Shehe. Alizaliwa Ujiji, mama yake mtu wa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilimfanya baba ajisikie bado mgeni kila walipozungumza. Shehe alishabikia timu nyekundu. Walikuwa wamekwisha kutukanana kwa raha miaka mingi, na hakuna aliyekula sikukuu yake bila kumpelekea mwenzake sahani.

"Mzee mwenzangu," Shehe alimwambia jioni ile, akiyakagua matofali kama mnunuzi, "kazi safi. Yakiiva nitakuja kuyaona."

Baba hakuliona tatizo katika maneno hayo. Mimi niliona Shehe anavyojizuia asicheke, nikajua kwamba anajua.

Basi nikamweleza baba. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha tatu. Njano ile, nilisema, ni kutu ya chuma iliyoshika maji. Si maji ya kuloana, hayo jua limekwisha kuyamaliza. Haya yameungana na madini yenyewe, yamo katika mpangilio wa chembe zake, na jua haliyawezi. Moto mkali ndio unayafukuza. Yakitoka, chembe zilizobaki zinajipanga upya, na kutu iliyojipanga hivyo rangi yake ni nyekundu. Udongo wa mfinyanzi nao una maji ya namna hiyo katikati ya matabaka yake. Moto ukiyatoa, matabaka yanavunjika na kushikana upya, na hapo ndipo tofali linapokuwa tofali.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa adabu.

"Mwananje, mwanangu," alisema, "ukipika viazi vya njano unapata viazi vya rangi gani?"

"Viazi si madini, baba."

"Vyote vinatoka udongoni."

Nikaona nimwonyeshe kwa macho. Nilimega kipande cha tofali nikakizika kwenye makaa ya jiko la mama. Baba alisimama karibu, mdomo ameubana. Nilikuwa sijaona kwamba ndani ya kile kipande mna kokoto nyeupe, ile ya jiwe gumu linalong'aa, na jiwe lile nalo likipata moto mkali hubadili mpangilio wake na kutanuka kwa ghafla. Kililipuka paa, majivu yakaruka kwenye mboga, kuku wakakimbilia kwa Shehe. Nilipookota vilivyobaki vilikuwa vyekundu, vizuri kabisa, kitabu chochote cha kemia kingeona fahari.

"Umeona," alisema baba. "Limekataa. Limeona bora lipasuke kuliko kuvaa nyekundu."

"Baba, lakini rangi si unaiona?"

"Hilo ni jiko la mama yako. Lina upendeleo."

Nilikasirika. Mimi kazi yangu ni kueleweka, nalipwa kwa hiyo, na mzee amekaa juu ya kigoda ananishinda kwa viazi. Nilikuwa nikijiandaa kuleta kipande cha pili wakati mama aliponivuta mpaka nyuma ya choo.

"Wewe mwalimu, nani amekutuma?"

"Namwambia ukweli, mama. Yatatoka mekundu."

"Kwani mimi sijui? Nimeanza kuona matofali jana?" Alishusha sauti. "Akikuamini hatachoma. Ukweli wako umekwisha kuusema, mwenyewe kaukataa. Sasa nyamaza nipate ukuta."

Nikanyamaza. Sijawahi kuona shida kumtii mama anaposhusha sauti.

Tanuri lilipangwa na vijana wa kijiji chini ya fundi mmoja mnene asiyependa maswali. Walipanga matofali mpaka yakapita kimo cha mtu, wakaacha midomo chini ya kutilia magogo, wakalikandika lote tope kwa nje ili moto usitoroke. Katekista alikuja kuliombea. Baba alimwomba ataje na rangi, katekista akasema Mungu anaelewa. Moto ulipowashwa watu wote walikuja na viazi vyao kuvichoma kwenye midomo ya tanuri, kama desturi yetu ilivyo, kwa maana hakuna anayepitisha moto wa bure. Shehe alileta muhogo na kiti chake kabisa. Baba aliketi mbele ya mdomo wa katikati, jezi yake imejaa masizi, akitangaza maendeleo ya moto kwa ile sauti ya redioni. Mama alikuwa akichochea kuni upande wa pili na kuimba kwaya. Nilikuwa sijamsikia akiimba hivyo tangu harusi ya dada.

Tulisubiri lipoe. Ni kusubiri kubaya, kwa sababu tanuri limefunikwa tope na huoni kitu, na baba alilizunguka kila asubuhi akiligusa gusa kwa kiganja. Siku ya kufungua, nusu ya kijiji ilikuwa pale kabla ya fundi. Fundi alibandua tope la juu, akatoa tofali la kwanza, akalipuliza majivu.

Lilikuwa jekundu. Akatoa la pili na la tatu, akaendelea kutoa, na uani kwetu pakaanza kujaa wekundu mwingi mno. Watu walimtazama baba, kisha wakatazama chini. Shehe alikuja mpaka katikati ya uwanja, akayatazama matofali, akampa baba mkono kwa heshima zote.

"Hongera, mzee mwenzangu," alisema. "Nyumba yetu itapendeza."

Nilicheka. Kila mtu alicheka, hata katekista, na baba naye angecheka siku nyingine. Siku ile hakucheka. Aliingia ndani, akabadili nguo, akatoka akiwa amevaa shati la kanisani.

"Hatujengi," alisema. "Nitayaloweka yarudi tope. Nitafyatua upya. Na hatuchomi tena, tutakaa na mabichi, kama zamani."

Kicheko kikaisha pale pale. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa akimenya mihogo, na kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo. Niliogopa kuliko kama angepiga kelele, na kwa mara ya kwanza nilimchukia kidogo yule jirani yetu na mkono wake wa hongera. Nafikiri naye alijichukia, maana aliondoka akasahau kiti.

Baba alikwenda kuchukua beseni la kufulia, akalijaza maji, akatumbukiza tofali moja. Tofali likaanza kutoa vipovu.

"Unaona," aliniambia, "linalegea."

"Linakunywa maji tu, baba. Haliwezi kulegea. Nilikuambia mpangilio wake umebadilika. Yale maji yaliyotoka ndani yake hayarudi kwa kulowekwa."

"Tutaona kipindi cha pili."

Jioni lilikuwa tofali. Asubuhi lilikuwa tofali. Mama alihitaji beseni lake, akafua nguo kwenye ndoo bila kulalamika, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha. Baba alikwenda kulitazama kila baada ya muda kama anatazama mgonjwa. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Alijaribu kulikwangua kwa ukucha, ukucha ndio ukakwanguka. Siku ziliendelea hivyo, na maji katika beseni yalibaki meupe, ungeweza kunawa uso.

Mwisho, asubuhi moja nikiwa naosha vyombo, baba aliinama akalitoa tofali majini. Alilifuta kwa shati lake, akaligonga kwa vifundo vya vidole. Lililia kama chuma. Aliketi nalo mapajani.

"Kwa hiyo hili halirudi tena," alisema.

"Halirudi, baba."

"Hata masika ikilinyeshea?"

"Hata ikilinyeshea masika zote."

"Hata tukiondoka?"

Nilitaka kumjibu kwa kemia, nikakuta sina kemia ya kutosha. Alikuwa anatazama vilima vya upande wa Munanila, alikopita akiwa kijana, na uso wake haukuwa wa mtu anayewaza mpira. Nikaelewa kwamba rangi ilimuuma, ndiyo, lakini kilichokuwa kikimtisha miaka yote kilikuwa hiki alichokipakata. Nilimpenda sana baba yangu asubuhi ile.

"Hata mkiondoka," nilisema.

Akamwita mama, akamkabidhi lile tofali kwa mikono miwili. "Mtafute fundi wa kujenga," alisema. "Lakini mlango uwe wa njano."

Mama alilipokea. Alitembea nalo moja kwa moja, akapita jiko, akapita kichanja cha vyombo, mpaka mahali fulani uani pasipokuwa na kitu, akainama akaliweka chini. Hakupima kwa hatua wala hakugeuka huku na huku kuangalia jua linachomozea wapi. Na hapo nikakumbuka kwamba tangu nikiwa mtoto mama hakuwahi kuturuhusu kupanda kitu chochote mahali pale, hata mchicha.

"Mlango utakuwa hapa," alisema.

"Wa njano," alisema baba.

"Ego," alikubali mama kwa lugha ya kwao, bado ameinama, akilisawazisha tofali kwa kiganja. "Wa njano."