Uso wa Fundi Awadh Kwenye Runinga

Awadh Baharun alikuwa ametengeneza televisheni katika mtaa wa Free Area kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuiogopa hata moja mpaka Jumapili moja jioni alipojiona ndani yake.

Miezi miwili kabla ya hapo, Kipchirchir, kijana aliyekuwa akielekeza tamthilia mjini Nakuru, alikuwa ameingia dukani kwake na kumtazama sana. "Mzee, una sura poa. Tunatafuta mfanyabiashara." Kazi ilikuwa ya siku moja. Awadh alifungua sanduku mbele ya kamera na kusema maneno aliyopewa: "Mzigo umefika. Kesho asubuhi, msichelewe." Yeye alidhani ni mzigo wa vitambaa.

Sasa alikuwa ameketi na mkewe Swafiya, chai ikipoa. Kwenye kioo, uso wake ulikuwa umetiwa giza, ngoma nzito zikipigwa chini ya sauti yake. Picha iliyofuata ilikuwa soko likilipuka. Swafiya alizima runinga.

Jumatatu mteja mmoja alikuja kuchukua televisheni yake ikiwa bado wazi, nyaya zinaning'inia. "Wacha tu, fundi, nitaipeleka kwingine." Aliibeba mikono ikiwa mbali na kifua, kana kwamba ilikuwa na moto. Jumatano wakaja wanaume wawili wasiovaa sare. Walimwambia afungue kila katoni dukani. Aliwaomba vitambulisho, wakacheka. Walipekua spika mbovu na rimoti kuukuu, kisha mmoja akamuuliza Awadh binti yake Nasra anasoma shule gani.

Swali hilo ndilo lililomvunja. Alimtuma Nasra kwa shangazi yake mjini kati siku hiyo hiyo. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimkausha mate. Alhamisi asubuhi alisimama mbele ya kioo akanyoa ndevu alizofuga tangu ujana wake, kwa haraka hata akajikata mara tatu.

Celestine, jirani yake mwenye saluni, alimwona na kuangusha kitana.

"Baba Nasra! Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, Mama Travis. Nimechoka kuonekana."

Celestine alimvuta kiti, akampangusa damu, na kusikiliza hadithi yote. Mwisho akasema, "Walikuingiza kwa TV, basi wakutoe kwa TV." Alipiga simu kwenye kituo kile kile cha TV kilichorusha tamthilia tangu saa nne mpaka saa nane, akikatiwa na kupiga tena, hadi Winrose, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, akakubali kumwalika.

Awadh hakutaka kwenda. Mara ya kwanza walikuwa wamechukua maneno yake mazuri tu wakayageuza. Mara ya pili wangefanya nini? Alitoa sharti moja: "Iwe laivu. Wasinikate."

Ijumaa alikaa chini ya taa za studio, shati limemganda mgongoni. Winrose alimwuliza jina lake, naye akabaki akiikodolea macho kamera. Celestine, aliyesimama nyuma ya kamera, alikuwa amejishika kichwa.

"Naitwa Awadh," alisema hatimaye. "Mimi ni fundi wa TV. Babu yangu alitoka Yemen akafungua duka la chumvi na sukari kule Rongai, na kaburi lake liko huko huko. Niliambiwa mimi ni mfanyabiashara. Sikuambiwa kuhusu bomu."

Simu ya kwanza kutoka kwa watazamaji ilikuwa ya mwanamume mwenye hasira. "Sasa sisi tutajuaje wewe si mmoja wao?"

Awadh alitazama mlango wa kutokea. Halafu akajibu, "Kwa uso wangu hutajua. Hata mimi sijui wewe ni nani. Nasikia tu sauti yako, na ninaogopa."

Mwanamume alikata simu. Ya pili ilikuwa ya mama mtu mzima kutoka Subukia, aliyejitambulisha kuwa Jemutai.

"Huyo fundi namjua. Mzee wangu alipokuwa kitandani mwaka mzima, TV yetu ikaharibika wakati wa mvua, gari haliwezi kupita. Alikuja kwa miguu, matope hadi magotini. Lakini Jumapili nilipomwona, niliogopa pia. Nikamkataza binti yangu asimpelekee redio. Fundi, nisamehe. Nilikuwa nakujua na bado nikaamini ile sinema."

Awadh alifuta macho kwa mkono wa shati. Winrose alilazimika kuweka matangazo.

Wale wanaume wawili hawakurudi, wala hakuwahi kujua walikuwa nani. Wateja walirejea mmoja mmoja, wengine bila kumtazama machoni. Nasra akarudi nyumbani wiki ya pili. Kipchirchir naye alikuja, kofia mkononi, akiwa na sehemu mpya ya kuigiza. Awadh alidai kurasa zote za mchezo, akazisoma siku tano, kalamu mkononi.

"Huyu mtu wako hana jirani hata mmoja?" alimwuliza. "Hana mke wa kugombana naye? Hajawahi kuugua jino?"

Kipchirchir alikwenda kuandika upya, ndipo Awadh akakubali kuigiza.

Siku kipindi kiliporushwa, Awadh hakuthubutu kukitazama. Alitoka akatembea barabarani, akigeuka kila aliposikia sauti nyuma yake, hadi Celestine akamfikia akihema.

"Niambie haraka," alisema Awadh. "Nimefanya nini?"

"Umeuza unga. Umegombana na mkeo kuhusu pazia."

"Na mwisho?"

"Mwisho ukalala na soksi miguuni. Baba Nasra, kusema kweli, unaigiza vibaya sana."

Awadh alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akaficha uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Celestine hakujua kama ni kilio au kicheko. Aliketi kando yake akasubiri.