Haika na Kaburi la Wolkersbrunn

Ukitaka kumkasirisha Haika, tupa karatasi mbele ya mlango wake. Sisi wengine hapa Hayes, London, tunatupa na kupita, kaunseli, yaani halmashauri, watazoa wakitaka. Yeye kila Jumamosi asubuhi utamkuta na fagio, anafagia njia ya serikali kuanzia kwake mpaka kwa jirani yake Alkesh, na mapipa ya taka kayapanga utadhani yanasubiri kukaguliwa. Jumapili hafui, haaniki, na ukigonga msumari siku hiyo atakugongea ukuta mpaka uache. Alkesh alishawahi kumuuliza kama analipwa. Kazini tulikuwa tunamwita Mjerumani, na yeye badala ya kununa anatabasamu!

Mimi ni Placida, Mkibosho, Mkatoliki, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Haika ni Mmachame, Mlutheri, kanizidi umri, kwa hiyo namwita dada. Tulikutana kwenye jiko linalopika chakula cha ndege karibu na Heathrow, tukisimama bega kwa bega kupanga vipande vya kuku kwenye trei, vichwani tumevaa kofia za nyavu. Baridi ya mle ndani usiombe. Ili tusahau vidole, alikuwa ananisimulia mji wake, mpaka mimi nikaujua kuliko ninavyoijua Moshi.

Unaitwa Wolkersbrunn. Ni kamji tu huko Ujerumani, kana ukuta wa mawe wa enzi za wafalme, lango lenye mnara, na nyumba za mbao na chokaa zilizoegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Mchana duka la mikate linafungwa na mji mzima unanyamaza. Bibi vizee wanaweka mto dirishani, wanaegemeza viwiko, wanaangalia nani kapita na nani. "Umbea wa pale, mdogo wangu, hata Machame hawaufikii," aliniambia. Kila nyumba ina zamu ya kufagia mtaa, na ole wako usahau zamu yako.

Alifikaje huko? Usharika wao wa Machame ulikuwa na urafiki na usharika wa Wolkersbrunn, wakamchukua mume wake awe mtunza kanisa, apige kengele na kufungua milango. Haika akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Huko ndiko alikomzaa Godson, mtoto wake wa pekee. Na huko ndiko alikomzika.

Homa ya uti wa mgongo. Asubuhi mtoto anadai uji, usiku hayupo. Alikuwa hata shule hajaanza. Tusiwasingizie Wajerumani: walimlilia yule mtoto. Mwokaji mikate alifunga duka, wale bibi wa madirishani wakaja na keki, wakakaa na Haika. Walimzika karibu na bomba la maji, mahali ambapo watu wananing'iniza ndoo zao za kumwagilia maua, kila ndoo na kufuli yake.

"Kufuli makaburini?" nilicheka. "Nani ataiba ndoo?"

"Ndiyo wao," akasema Haika. "Kila mtu na chake."

Baadaye alishindwa kupita kwenye lile bomba kila siku. Akaja London kutafuta kazi. Mume yeye alirudi Machame akiwa mgonjwa, Haika akamfuata kumuuguza, na kabla hajakata roho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Mlete mtoto alale ubavuni kwangu." Haika akasema ndiyo. Mume akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba ya baba zake, na ubavuni kwake wakaacha nafasi.

Sasa utauliza, kwa nini hakwenda mara moja? Hata mimi nilimuuliza. Akanijibu, "Kaburi halina miguu, Placida. Litakwenda wapi?" Na mimi nikakubali, maana kwetu ndivyo ilivyo. Nyumba itaanguka, ng'ombe watauzwa, watoto watagombania mpaka, lakini kaburi lipo na kila mtu analizunguka. Kila kiangazi alikuwa anakwenda kulisafisha, halafu ikaja korona, halafu goti likamsumbua, miaka ikapita. Kulikuwa na bibi mmoja jirani wa zamani aliyemwagilia maua, kwa hiyo moyo wake ulikuwa umetulia.

Mwaka huu shemeji yake Aikaeli, ndugu wa marehemu, akapiga simu. "Shemeji, ukoo tumekaa, tumeamua. Mlete kijana kwao. Mchungaji tumeshamwambia." Haika alilia mbele ya trei za kuku mpaka msimamizi akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia nitakwenda naye, mzigo kama ule haubebwi na mtu mmoja. Akanunua shuka jeupe la kumfungia mtoto.

"Umewapigia simu watu wa makaburi?" nikamuuliza.

"Niwapigie nimwombe nani? Mwanangu huyo. Kibali nitakiombea huko huko, nitakwenda na isale."

Kwa asiyejua, isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda Uchagani kwenye mipaka na makaburi. Ukiwa na kosa, au ombi zito, unakwenda umelishika mkononi, na aliyeletewa isale hakatai. Hata kama ulimuulia ng'ombe, atakusikiliza. Hapa Ulaya wanaliuza kwenye maduka ya maua kama pambo. Haika alikuwa nalo dirishani kwenye kopo. Akakata jani moja zuri, akalipangusa vumbi, akalifunga kwenye gazeti.

Wolkersbrunn ilikuwa vilevile alivyonisimulia, lango, mnara, bibi na mto wake dirishani. Tukaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya makaburi. Kijana wa pale alikuwa mpole, akatuletea maji. Haika hakukaa. Alisimama, akalitoa lile jani kwa mikono miwili, akasema Kijerumani chake polepole. Kijana akalitazama jani, akatabasamu, akanyoosha kidole pembeni ya kabati. Lo! Isale, kwenye chungu kikubwa, limefika kifuani kwangu, majani yamejaa vumbi.

"Anasema asante," Haika akanitafsiria, "lakini wanalo tayari."

Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Kijana akaweka jani letu mezani, akabonyeza kompyuta yake, na tabasamu likayeyuka. Akaongea muda mrefu. Haika akakaa.

"Muda wake ulikwisha," akaniambia.

"Muda wa nani?"

"Wa Godson. Kaburi hapa unapewa kwa miaka, ikiisha unaomba tena. Walibandika tangazo kwenye jiwe, likakaa mwaka mzima, hakuna aliyekuja. Yule bibi kumbe alishakufa. Mwaka jana wakaondoa."

"Wakaondoa nini? Jiwe liko wapi?"

"Limesagwa."

"Na mtoto?"

"Yeye wamemwacha chini."

"Si tuchimbe basi!" Nikainuka. "Mwambie tunachimba sasa hivi!"

"Mahali pale wameshampa mtu mwingine, Placida."

Nikapiga meza. Maji yakamwagika. Nilimtukana yule kijana kwa Kichaga, maana Kiswahili hakikutosha. Haika akanivuta gauni. "Kaa chini. Hajafanya kosa. Tulitia saini wenyewe, walitusomea kila kitu. Mimi nilikuwa nalia, sikusikia." Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nikamwonea huruma dada yangu.

Kijana akasema kitu kimoja cha utu: kama mama anataka, achukue udongo kidogo. Haika akainua kichwa. Udongo ungetosha. Hata kwetu, mtu akifia mahali asipoweza kutolewa, udongo wa alipolala unazikwa kama yeye. Yule kijana akamwazima kijiko cha kupandia maua, tukaenda.

Bomba lipo, ndoo zipo na kufuli zake. Chini ya bomba, pale pale alipozikwa Godson, kulikuwa na kituta kipya, kifupi, cha mtoto, kimechomekwa pangaboi la karatasi linalozunguka na upepo. Msichana mmoja mwenye kitambaa kichwani alikuwa amepiga magoti, anachambua majani makavu. Yaliyosemwa pale Haika alinitafsiria baadaye, tukiwa kwenye ndege.

Msichana alikuwa mkimbizi, Kijerumani chake cha kuokoteza. Alimuuliza Haika, "Una mtu hapa?"

"Nilikuwa naye."

Akasogea, akampapasia nyasi ili akae naye. Akamwambia, "Wewe mama unawajua watu wa hapa. Sisi tumekimbia kila mahali. Huyu wataniachia hapa? Hawatamgusa?"

Mimi ningedanganya. Wallahi, Mkatoliki mimi, ningedanganya. Haika akamwambia ukweli: wanatoa miaka, ikiisha wanaondoa, usihame mji huu ukamwacha, usimtegemee jirani.

"Umejuaje?" akauliza msichana.

Haika alikitazama kile kituta, na kijiko kilikuwa mkononi mwake. Msichana akatazama macho yake yalipokwenda, akatazama kijiko. Mungu wangu, ule ukelele! Alijirusha juu ya kaburi, akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akawa anapiga kelele kama anayevamiwa. Mtunza makaburi, mzee mmoja, akaja mbio. Haika alikuwa anarudi nyuma, anarudia neno lile lile la Kijerumani: sichimbi, mama, sichimbi. Akaweka kijiko chini. Yule mzee akatuonyesha lango kwa mkono, na tukatoka bila hata punje ya udongo.

Tulirudi Hayes mvua inanyesha. Tulikuwa tumekaa kituo cha basi, ndani ya begi mna shuka jeupe lililokunjwa vilevile, simu ya Haika ikaita. Shemeji Aikaeli. Akaiweka kwenye spika ili na mimi nisikie.

"Shemeji! Mmeshampata? Huku tumemaliza kuchimba, kashimo kazuri, pembeni kabisa ya baba yake. Sikiliza kwaya hiyo, wanafanya mazoezi. Mnafika lini?"

Kweli, nyuma yake watu walikuwa wanaimba, watoto nao wanapiga kelele za furaha. Haika akaifunika simu kwa kiganja.

Nikamnong'oneza, "Dada, tuchote udongo wowote. Hata huu wa hapa Hayes. Nani atajua? Watazika, wataimba, mume wako atapumzika na wewe utapumzika."

Akanitazama, si kwa hasira. "Halafu Godson wa kule awe mtoto wa nani?"

"Haloo? Shemeji, unasikia?" Aikaeli alikuwa anaita. "Mtandao mbaya huu. Nimeuliza mnafika lini?"

Haika akaisogeza simu mdomoni kwa mikono miwili.

"Fukieni, shemeji. Hakuna anayekuja."