Tumbo Langu kwenye Taa ya Lori

Hospitalini Mbeya walinipa picha za CT kwenye bahasha kubwa wakaniambia nisubiri miadi ya daktari bingwa wa saratani. Niliacha shule mapema, lakini bahasha iliyofungwa sijawahi kuivumilia. Niliposhuka Tunduma nilikuwa nimeshaifungua. Nilikuta mwili wangu umekatwa slesi slesi kama mkate.

Jua lilikuwa limefunikwa na mawingu, hivyo dereva mmoja wa foleni ya mpakani akaniwashia taa ya lori lake. Tukaibandika picha pale. Madereva wakakusanyika. Figo walizitambua mara moja, maana wote wamewahi kuchinja mbuzi. Tatizo likawa doa jeusi, kubwa kama embe. Mbadilisha fedha akaikagua picha kwa namna anavyokagua noti za kwacha za Zambia, akaipapasa na kuigeuza, kisha akaonyesha kila slesi.

"Lipo hapa. Na hapa. Na hapa tena. Kaka, hili limeenea."

Wakanichangia chipsi. Nikala kwa heshima, kama marehemu mtarajiwa.

Nikaenda Hasamba kumuaga dada yangu. Alilia, akachinja jogoo wake mkubwa, akanikatalia hata kuchota maji. Nami nikajilaza nikitoa wosia, ingawa mali yangu yote ilikuwa redio na viatu nilivyovaa.

Dada hakuridhika na mpango wa kufa bila kuuliza. Akaniburuta hadi zahanati. Tabibu aliinua picha dirishani, nikamwambia doa limeenea, akauliza nani kasema. Nikamtaja mbadilisha fedha. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Jeusi hili ni hewa ya tumboni. Hata mimi ninayo."

Dada akanitazama. "Kumbe jogoo wangu kaliwa na upepo."

Nikauliza ugonjwa uko wapi basi. Tabibu akaacha kucheka. Akagusa kwenye ini kidoa cha ukubwa wa punje ya kahawa, ambacho pale mpakani hakuna aliyekiona. Akasema hicho ndicho kilichoandikwa kwenye ripoti ya Kiingereza iliyokuwa ndani ya bahasha, na kukitolea hukumu si kazi yake wala ya mbadilisha fedha.

Siku ya miadi dada alinisindikiza, bahasha ameikalia ili nisiwaonyeshe abiria. Njia nzima alinisihi ninyamaze, bingwa aangalie mwenyewe. Nikaahidi.

Lakini bingwa alipowasha taa yake ya ukutani, kidole changu kilitangulia.

"Daktari, hili kubwa ni hewa. Tuanze na hili dogo."