Mahindi Mekundu ya Sitalike

Mwaka ule wa njaa, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa karani wa ghala karibu na stesheni ya Mpanda. Treni ya Tabora ilileta mahindi, sisi tukayapeleka vijijini kwa lori. Hakuna aliyetufundisha kazi. Likishuka behewani, gunia lilipanda lori, basi.

Asubuhi moja mwenzangu alirudi kutoka kozi ya utunzaji wa ghala. Aliona punje nyekundu zimemwagika mlangoni. Akaokota moja, akainusa, akaitupa na kufuta mkono kwenye suruali.

"Hizi ni mbegu. Zimepakwa dawa ya wadudu," alisema. "Magunia mengine yako wapi?"

"Yamekwenda Sitalike na chakula. Tangu jana."

Watu walikuwa wamekwisha kuzoea mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Nani angeshtushwa na mekundu?

Tuliazima gari la misheni. Kijijini, kwenye nyumba ya kwanza, mama mmoja alikuwa anakoroga kande.

"Mama, usile hayo. Yana sumu," nilimwambia.

"Nimeyaosha sana, dada. Rangi ndiyo haitoki."

"Kuna aliyekula?"

Alimtazama binti yake mdogo aliyekaa kizingitini. "Huyu alionja."

Mwenzangu alimbeba mtoto mbio hadi zahanati. Mimi nilizunguka na mwenyekiti wa kijiji, nyumba kwa nyumba, tukimwaga vyungu. Mzee mmoja alikumbatia gunia lake.

"Nyie mnatuletea chakula, halafu mnatunyang'anya."

Tulilichukua gunia lake. Niliogopa kila mlango uliofungwa.

Mtoto alitapika na kutetemeka mchana kutwa. Jioni aliomba maji, na mama yake akaanza kulia. Mtoto alipona.

Kabla treni nyingine haijafika, meneja wa ghala aliagiza tufundishwe wote, hadi wapakiaji. Tulijifunza kutambua alama ya fuvu, kutenga mbegu, kukagua mzigo kabla lori halijawashwa. Mbegu zikaanza kufika kwa wakulima kwa wakati wake, chakula nacho peke yake.

Lakini Sitalike hawakutuamini upesi. Kila tulipopeleka mahindi, akina mama walimtupia kuku punje kwanza, wakakaa wakimtazama. Nami nilisimama kando ya lori, nikimtazama kuku yuleyule.