Kucha za Nahashon

Rispa aliuza nguo za watoto Gikomba, na mumewe Nahashon alikuwa seremala wa vitanda huko huko sokoni. Waliishi Kware, chumba kimoja kwenye ghorofa ya tano, na jirani yao Jacky alisikia kila kitu ukutani. Nahashon alimpiga mkewe akilewa, na asipolewa alimpiga pia. Alipomvunja taya, Rispa aliwaambia watu wa kanisa kwamba ameteleza kwenye ngazi.

Kisha rundo la mbao likaporomoka, likampiga Nahashon kichwani.

Alilazwa hospitalini akiwa hajitambui. Asubuhi Sista Mirriam, mwalimu wa wauguzi, alikuja na wanafunzi wake, wakazunguka kitanda. Rispa alikaa pembeni na uji ambao hakuna aliyeweza kuunywa.

"Frankline, anza," alisema Mirriam.

Kijana akashika kidole cha mgonjwa.

"Ngoja! Kwanza mwite kwa jina, kwa sauti. Asipoitika, mguse bega, umwite tena. Akinyamaza kabisa ndipo umuumize. Bonyeza ukucha kwa kalamu, uongeze pole pole, uache mara tu akijibu. Angalia kama macho yanafunguka, kama anasema kitu, na mkono unafanya nini. Akiutafuta mkono wako auondoe, ubongo unajua anaumizwa wapi. Akivuta kidole tu, hali ni mbaya zaidi. Halafu mulika macho kwa tochi, mboni zote mbili zisinyae sawasawa."

Frankline aliita, akagusa, akabonyeza. Uso wa Nahashon ukajikunja, kidole kikavutwa.

"Anasikia uchungu?" Rispa aliuliza.

"Anasikia, mama. Pole sana."

Rispa alifunika mdomo kwa leso. Wanafunzi walidhani analia.

Baada ya wiki kadhaa Nahashon alianza kufungua macho akiitwa. Maneno yalirudi machache. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa. Akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku hiyo Rispa alimlisha, akampangusa mdomo, akafunga mlango. Akatoa kalamu. Nahashon alikuwa macho, anamtazama. Rispa hakumwita. Mkono wa kulia haukuwa na hisia, kwa hiyo akachukua wa kushoto, akabonyeza ukucha kwa nguvu zake zote.

"Rispa," mumewe alisema kwa shida. "Tafadhali."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwake. Akabadilisha kidole.

Ikawa hivyo kila siku kabla ya kwenda sokoni. Ukutani Jacky alisikia mtu akilia, akaongeza sauti ya redio, vile vile alivyokuwa akifanya zamani aliyelia alipokuwa Rispa.

Siku ya kliniki, Sista Mirriam aliuona mkono wa kushoto. Kucha zote zilikuwa nyeusi.

"Nani anampima huyu?"

"Mimi, sista. Si ulituonyesha?"

"Ukimwita, anaitika?"

"Anaitika."

"Sasa hii ni nini, mama?"

Rispa hakuinamisha uso. "Nimeishi naye miaka yote hiyo. Siku ile mlimbonyeza ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiumia."

Mirriam aliitazama ile taya iliyounga vibaya.

"Pole," alisema. "Lakini leo harudi na wewe."

Akampigia simu Sylvance, mdogo wake Nahashon, naye akaja kumchukua ampeleke kwao Ugunja. Nahashon alilia kama mtoto, akimwita Rispa, akiuliza kwa maneno yaliyokatika nani atamlisha. Rispa alimfunga vifungo vya koti, akaondoka kabla gari halijawashwa.

Nahashon alikufa kabla ya Krismasi. Ndugu zake hawakumwita Rispa mazishini, naye hakwenda. Kule kanisani Kware, mchungaji alimwita mbele mjane aliyemuuguza mumewe kwa uaminifu. Rispa akatoka, akapiga magoti, akaombewa.